Maganda ya .308 ya Kujaza Upya: Yapi ya Kununua, Yapi ya Kuacha

Mwongozo huu ni kwa wenzangu tulio Marekani, tunaowinda kulungu au kulenga shabaha kwa bunduki ya .308 (kichwa cha risasi chenye kipenyo cha inchi 0.308) na kujaza risasi wenyewe, yaani kulitia ganda lililopigwa fataki, baruti na kichwa kipya. Sheria ya shirikisho huku haidai leseni kwa anayejaza za matumizi yake. Ukiwa Kenya au Tanzania, funga ukurasa: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na kosa lenyewe si dogo.

Ganda la bunduki lililokwisha kupigwa ni mtumba. Anayejua Kariakoo au Gikomba anajua kwamba bei ya mtumba haitokani na kitambaa peke yake. Inatokana na aliyeuvaa na alivyoufua. Ganda nalo ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30, iwe ya bei gani. Tofauti iko kwenye maisha liliyopitia, na kwa kipimo hicho ndivyo nilivyoyapanga.

Namba moja ni maganda yako mwenyewe, yatokanayo na risasi mpya za dukani ulizopiga kwa bunduki yako. Yameshachukua umbo la chemba yako, yaani chumba cha bunduki linamokaa ganda, na unajua yamepigwa mara ngapi. Kwa hiyo ukinunua risasi za kuwindia, chagua zenye ganda la shaba na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya aina ya Boxer, ambayo ganda lake lina tundu moja katikati. Maganda ya chuma, ya alumini na yenye fataki ya Berdan waachie wengine.

Namba mbili ni maganda mapya ya Lapua kutoka Finland. Ghali, nakiri. Lakini uzito wake haupishani sana na matundu ya fataki hayalegei upesi. Kwa mwenye kulenga mbali, pesa yake hurudi. Mwindaji wa risasi tano kwa mwaka hayahitaji. Huyo namwelekeza namba tatu, Starline ya Missouri au Hornady ya Nebraska. Mapya, bei ya kati, hayana siri.

Namba nne ni yale yanayouzwa kwa jina la "yaliyopigwa mara moja". Hapa ndipo pana maneno mengi. Muuzaji anasema mara moja. Nani alikuwepo akihesabu? Nunua tu yenye chapa ya kampuni moja kitakoni, na ikiwezekana yakiwa bado na fataki ya kiwandani. Yakishasafishwa na kung'arishwa, ushahidi umeondoka na uchafu.

Nililipa karo ya somo hili. Mwaka mmoja nilinunua mfuko wa maganda yanayometa kama bangili. Nikachukua waya mwembamba, nikaukunja ncha, nikaingiza ndani na kuuvuta taratibu kutoka kitakoni kwenda juu. Ganda la nne, waya ukanasa kwenye mfereji. Sababu yake ni hii: risasi ikilipuka, ganda hutanuka mbele mpaka bega (pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni) liguse chemba, ukilirudisha kwenye kalibu, chuma cha kulirudishia umbo, unalisukuma nyuma. Nenda rudi hiyo huivuta shaba na kuifanya nyembamba juu kidogo ya kitako. Siku moja ganda hukatika vipande viwili ndani ya bunduki, na gesi ya moto hutafuta njia ya kurudi usoni kwako. Kwa nje dalili ni mstari wa kung'aa unaozunguka ganda pale pale. Ukiuona, ganda limekwisha. Ili usilichoshe mapema, weka kalibu irudishe bega kama milimita 0.05 tu kwa bunduki ya bolti, ile inayokokiwa kwa mkono.

Namba tano ni ya jeshi, hasa ya Lake City, kiwanda cha risasi cha jeshi la Marekani, yenye herufi LC na tarakimu mbili za mwaka. Ni imara, ila fataki zake zimebanwa kwa ukingo wa ganda, hivyo lazima uondoe ukingo huo kabla ya kuweka mpya. Kuta zake mara nyingi ni nene, nafasi ya baruti ndogo, na shinikizo hupanda kwa kipimo kile kile cha baruti. Yaliyotoka kwenye bombomu huwa yamevutwa vibaya. Usiyachanganye na ya kiraia.

Mwisho kabisa, ndoo ya mchanganyiko iliyookotwa uwanjani. Kwa .308 siipendekezi hata kwa bure. Ndani yake utakuta .243 na 7mm-08, ndugu wa ukoo mmoja wenye kitako sawa na shingo tofauti.

Vyovyote utakavyonunua, bakiza pesa ya kalipa, kifaa cha kupimia urefu. Ganda la .308 lisizidi milimita 51.18, likizidi, likate mdomo lifike 50.93. Shingo ikipasuka au fataki ikiingia bila ukinzani, tupa. Anza na kipimo cha chini kilichomo kwenye kitabu cha kampuni ya baruti, na mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Miwani ivaliwe. Ukisafisha, nawa mikono kabla ya kula, maana vumbi la fataki lina madini ya risasi.

Ganda nililolikataa nalibana mdomo kwa koleo kabla ya kulitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, asije mtu akaliokota akidhani ni zima.