Pedali za kufunga kiatu: kabla hujalipa, itazame hii skrubu

Mugonile watu wa Mbeya, kamwene Iringa na Njombe, na nyote mnaotutazama kutoka kokote, karibuni. Leo nina furaha na nina hasira, na vyote vimeletwa na hiki kitu nilichoshika. Pedali. Shimano PD-M520. Ndiyo, hiyo hiyo ambayo kila anayeanza baiskeli za milimani anaambiwa anunue. Uzito, rangi, beringi, hayo mnayajua, siyarudii. Nataka tukae na skrubu moja tu, hii hapa nyuma. Kamera isogee. Umeiona? Inataka alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3. Ndiyo inayokaza au kulegeza springi inayoshika kiatu chako kwenye pedali.

Hasira yangu ni hii. Watu wananiandikia kwamba wamefungiwa pedali na fundi, akakaza springi mpaka mwisho, akawaambia hapo ndiyo mguu hautatoka. Ndugu zangu, mguu unatakiwa utoke! Unashuka Kitonga, lori limesimama ghafla mbele yako, unataka mguu chini sasa hivi, na kiatu kimeng'ang'ania. Dada mmoja aliniambia ana kilo 52 na baiskeli yake iliwekwa sawasawa na ya kaka yake mwenye kilo 90. Hilo linaniuma kwa kweli, maana kurekebisha ni dakika chache.

Subirini kidogo niwaambie hizi pedali zimetoka wapi, mtaelewa kwa nini napiga kelele. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa inatengeneza vifungio vya ski, vile vinavyoshika buti la mtu anayeteleza kwenye theluji. Mwaka 1984 wakachukua ujuzi ule wakauleta kwenye baiskeli, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa na pedali zao. Kwa hiyo baba wa pedali hii ni kifungio cha ski.

Sasa sikilizeni jinsi wenzetu wa ski wanavyofanya. Fundi hakukazii kwa kukisia. Anauliza uzito wako, urefu wako, umri wako. Anapima urefu wa soli ya buti. Anakuuliza unateleza vipi: polepole, wastani, au kwa kasi na kwa nguvu. Halafu anasoma jedwali, anapata namba, wanaiita DIN, na anaiweka kwenye kifungio. Mtoto mdogo anaweza kuwekewa 1, wale wa mashindano wanapita 15. Ukifikisha miaka 50 jedwali lenyewe linakushusha, kifungio kiachie mapema zaidi, kulinda mfupa wa mguu. Na mtu akianguka, kifungio kinajiachia chenyewe.

Baiskeli haina jedwali. Na pedali hii haisubiri uanguke ikuachie, inasubiri wewe uzungushe kisigino nje. Kuna kialama kidogo tu hapa kinachosogea ukikaza, na kialama hicho hakijui umri wako wala goti lako. Kazi ile ya fundi wa ski inabaki kwako. Basi twende tuifanye.

Nimeegemeza baiskeli ukutani. Kiatu kina kleti, kile kipande cha chuma chini ya soli. Naanza kulegeza, kinyume cha saa. Sikia: kak... kak... kak. Mzunguko mmoja kamili una kak nne. Nalegeza mpaka karibu na mwisho, lakini siing'oi skrubu, ukiing'oa kile kibati cha ndani kinaachia na utateseka kukirudisha.

Sasa naingiza mguu. Tak. Umesikia? Nazungusha kisigino nje... umetoka. Laini kabisa. Nafunga tena, safari hii navuta mguu juu kwa nguvu, kama mtu aliyesimama kwenye pedali anapanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini. Angalia! Umechomoka. Hapo ni legevu mno kwangu, ningepiga kifua kwenye usukani. Naongeza kak moja. Navuta... bado. Kak nyingine. Navuta... umeshika. Navuta tena kwa hasira... umeshika. Nazungusha kisigino... umetoka, na goti halijalalamika. Hapo ndipo pangu. Pako utapatafuta hivi hivi, ukiwa umevaa viatu vyako.

Kitu ambacho wengi wanakiacha: pedali hizi zinafungika pande zote mbili, kwa hiyo skrubu ziko nne. Ukiweka upande mmoja tu, siku moja utakanyaga upande wa pili na mguu utagoma. Hesabu kak, zote nne zilingane. Kama goti moja liliwahi kuumia, fuata goti hilo, weka nyingine zote kwa kipimo chake.

Kuna na jambo la kleti. Ndani ya boksi unapata SH51, inakuachia ukizungusha kisigino kwenda nje. Kuna nyingine, SH56, inanunuliwa peke yake, nayo inakuachia hata ukivuta mguu juu kwa mshtuko. Anayeanza, au anayepita Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni bajaji zinamkata kushoto na kulia, mimi namwambia aanze na SH56. Wapo wazoefu wanaozidharau, na siwaelewi. Mtu akishazoea atabadilisha, hakuna anayemkimbiza.

Wapinzani je? Crank Brothers Eggbeater, nimeziendesha na nazipenda sana kwenye matope. Njia za Rungwe mvua ikinyesha, udongo unajaa kwenye hii Shimano mpaka kiatu hakiingii, lazima ugonge soli kwanza. Eggbeater ina pande nne za kuingilia na matope yanapita tu. Lakini haina skrubu ya kulegeza! Unachoweza ni kubadilishana kleti kati ya kiatu cha kulia na cha kushoto, upate kuachia kwenye nyuzi 15 au 20. Na kleti zake ni shaba nyororo, ukitembea sana kwenye mawe zinaisha. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Shimano, ila kwa mtu wa Tukuyu masika ningesita kidogo. Kwa mwepesi au mwenye goti bovu, hapana, narudi kwenye skrubu.

Wa lami, wale wa Mbeya kwenda Chunya, mtaniuliza pedali za Look Keo. Nzuri, ila kleti ni plastiki kubwa, ukishuka kununua maji unatembea kama bata. Angalia rangi: nyeusi haichezi kabisa, yaani kisigino hakipati nafasi ya kusogea pembeni, kijivu inacheza nyuzi 4.5, nyekundu 9. Usianze na nyeusi.

Bei. Ukiagiza hii M520 jiandae kutoa zaidi ya laki moja, na kiatu bado. Nimeona za kuiga, za bei nusu, skrubu ipo lakini ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Jaribu mbele ya muuzaji. Akikataa usilipe.

Habari za chaneli: video zitakuwa zinatoka Jumamosi asubuhi kuanzia sasa, kwa sababu wengi mmesema Jumapili mko kanisani au mmeshatoka na baiskeli. Inayofuata ni viatu vya mtumba, jinsi ya kujua kama soli ina matundu mawili au matatu, maana matundu matatu hayapokei kleti hii.

Aliyebonyeza kujisajili asante, ambaye bado, kitufe kiko chini. Niandikie kwenye maoni uzito wako, umri, goti lako likoje na njia unayopita, nitakujibu uanzie kak ngapi. Na ukishatoka mara ya kwanza na kleti mpya, ukirudi nyumbani kaza tena boliti zake mbili, huwa zinalegea.