Casio fx-82MS na fx-991ES PLUS: ipi ya S1, ipi ya S5

Mzazi anayenunua vifaa vya S1, yaani kidato cha kwanza cha sekondari Uganda, pale Nasser Road, Kampala, mara nyingi huwekewa kalkuleta mbili za Casio juu ya kaunta. Ya kwanza ni fx-82MS, yenye kioo cha mistari miwili. Ya pili ni fx-991ES PLUS, ambayo kioo chake huandika sehemu na vipeuo kama vilivyo kitabuni. Hii ya pili ni ghali zaidi, na muuzaji atakwambia itamfikisha mtoto S6. Itamfikisha kweli, lakini miaka minne ya kwanza haina kazi ya kuipa, na baadhi ya uwezo wake humpunguzia mwanafunzi mazoezi anayoyahitaji sana.

Tuanze na S1. Katika mtaala ulioanza 2020, besi za namba huja mapema kabisa. Watu huisifia 991 kwa sababu ina BASE-N (MODE 4), hali ya kubadilisha besi, lakini besi inazozijua ni 2, 8, 10 na 16 tu. Mwalimu akitoa 243 ya besi 5, lazima uandike 2×25 + 4×5 + 3, upate 73. Hiyo fx-82MS inaimaliza kwa mstari mmoja. Kasoro yake kwa darasa hili ni namna inavyoonyesha sehemu: robo tatu hutokea kama 3 na 4 zilizotenganishwa na alama ya kona, na mtoto asiyeelekezwa huinakili vibaya daftarini. Mwonyeshe siku ya kwanza.

S3 na S4 huleta milinganyo ya kwadratiki, matriksi na trigonometria. Hapa 991 hutoa mizizi ya kwadratiki papo hapo kupitia MODE 5, na ndipo hatari ilipo. Alama nyingi za swali ziko kwenye hatua: kutafuta vigawo, kukamilisha mraba, kuingiza namba kwenye fomula. Aliyezoea MODE 5 tangu S2 hufika S5 akiwa hawezi kutafuta vigawo vya 2x² + 7x − 15 bila mashine, na S5 hakuna anayerudi nyuma kumfundisha.

Takwimu ndiyo mada ambayo fx-82MS hulipa bei yake yote. Bonyeza MODE 2 uingie SD, hali ya takwimu. Data yenye marudio huingizwa hivi: thamani, SHIFT na koma, idadi ya marudio, halafu M+. Kwa hiyo 24.5 iliyotokea mara 6 ni 24.5 SHIFT , 6 M+. Wastani uko SHIFT 2 kisha 1, na mchepuko sanifu SHIFT 2 kisha 2. Ukibonyeza 3 badala ya 2 utapata ule unaogawanya kwa n−1 (n ni idadi ya data), na jibu litatofautiana na la fomula ya darasani, inayogawanya kwa n. Kosa linaloharibu kazi za wengi ni data ya zoezi la jana kubaki ndani. Ifute kwanza kwa SHIFT CLR 1 =, na ukishaingiza data mpya soma n (SHIFT 1 kisha 3) kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Kama darasa lina watoto 40 na n inasema 78, acha. Jedwali la fx na fx² (f ni marudio, x ni thamani) bado liandikwe kwa mkono. Kalkuleta ni ya kuhakiki jumla zake. Ufundi huu unafaa pia kwenye shughuli za darasani zinazoingia katika ile asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa mwisho wa S4, inayotoka shuleni.

Sasa S5. Anayechukua mchepuo wenye hisabati kama PCM, PEM au MEG anakutana na P425, somo kuu la hisabati la S5 na S6, na karatasi ya pili ina takwimu, mekanika na mbinu za kinamba. Hapa ndipo 991 inastahili kununuliwa.

Chukua mlinganyo x = cos x kwa Newton-Raphson, njia ya kukaribia jibu hatua kwa hatua, ukianzia 0.7. Andika 0.7 =, halafu Ans − (Ans − cos Ans) ÷ (1 + sin Ans), kisha endelea kubonyeza = tu. Kalkuleta ikiwa kwenye radiani unapata 0.7394, 0.7391, 0.7391. Ikiwa kwenye digrii unapata 0.9963, 0.9998, 0.9998. Tazama hilo vizuri: jibu la uongo nalo linatulia, kwa utulivu uleule, na mwanafunzi anafunga swali akiwa na uhakika. Kinyambuo cha sin huwa cos pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Kwenye 991 bonyeza SHIFT MODE 4, na kwenye fx-82MS bonyeza MODE mara mbili halafu 2. Angalia R juu ya kioo. Ukirudi kwenye mekanika, ambako mteremko umepewa kwa digrii, irudishe D. Mashine zote mbili hufanya hesabu hii ya Ans sawasawa.

Tofauti inaonekana kwenye kanuni ya trapezia, ya kukadiria integrali. Ukiambiwa utumie ordinati 6 (thamani za fomula kwenye mipaka ya vipande) kwa 1/(1+x²) kutoka 0 hadi 1, vipande ni 5, si 6, kwa hiyo h ni 0.2. Kwenye 991 ingia MODE 7, andika fomula, Start 0, End 1, Step 0.2, na thamani zote sita zinajipanga. Jibu ni 0.7837. Kwenye fx-82MS unaandika kila moja peke yake, na uchovu huzaa makosa. Onyo moja: kitufe cha ∫ cha 991 kitakupa 0.7854, ambalo ni jibu la integrali yenyewe. Ukiliandika kama jibu la trapezia, mtahini ataona mara moja kwamba namba za jedwali lako hazizai jibu hilo. Litumie kutafuta ukubwa wa kosa tu.

Kwa anayechukua Subsidiary Mathematics, hisabati ndogo ya S5 na S6, fx-82MS ya S1 inatosha kabisa, kwa hiyo usimnunulie nyingine.

Zote mbili zinakubalika UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa kuwa kinachoruhusiwa ni kalkuleta ya kisayansi isiyotoa sauti na isiyopokea programu. Shida ni bandia, ambazo zimejaa sokoni. Ukinunua 991ES PLUS, usilipe kabla hujashikilia SHIFT na 7 kwa pamoja ukabonyeza ON: ya kweli huandika DIAGNOSTIC, nawe unatoka kwa AC. Halafu jaribu sin 45 katika digrii. Kioo kikiwa kwenye hali yake ya kawaida, MthIO, lazima kikupe √2 juu ya 2, na S⇔D iigeuze kuwa 0.7071. Bonyeza kila kitufe mara moja, hasa =, Ans na DEL, ukiwa bado umesimama kaunta.