TAHADHARI: Muuza bari za mikromota anayeachia sampuli nzuri, mzigo ni feki (Arusha na Moshi)

Mafundi wenzangu wa maabara za meno, kuna kijana anazunguka na mkoba akiuza bari za mikromota (vipande vidogo vyenye meno vya kukatia na kusagia, vinavyofungwa kwenye mashine ya mkononi inayozunguka). Mimi kashanipiga laki mbili na nusu.

Alikuja hapa Kijenge, Arusha, wiki tatu zilizopita, mpole, kila mtu kwake ni "kaka mkubwa". Hakuomba hata mia. Aliniachia bari moja yenye pete ya buluu, akasema tumia siku mbili, ukiridhika nipigie. Nikaijaribu kwenye fremu ya kobalti-kromi (chuma kigumu cha meno bandia), ikakata safi kabisa. Nikaagiza 20 pamoja na diski 5 za almasi, nikatuma hela na ya kutolea. Mzigo ukaletwa na bodaboda: rangi ya dhahabu ileile, pete ya buluu ileile.

Ya kwanza niliitia kwenye meno bandia ya mama mmoja, akriliki (plastiki) tupu, kazi nyepesi. Haikufika dakika. Badala ya kutoa unga ikaanza kuvuta akriliki kama bazoka, harufu ya kuungua ikajaa chumba na mikromota ikitetemeka mkononi. Kuitoa, meno ya bari yamelala, dhahabu imebanduka, chini ni chuma cha kawaida kilichoungua. Kwenye meno ya yule mama kumebaki mfereji. Nimeyarudia kwa gharama yangu, na nikamdanganya kwamba umeme ulikatika. Aibu.

Sampuli ilikuwa tangsteni kabaidi halisi (kitu kigumu kuliko chuma), mtego uko hapo. Ukishaiamini mkono wako unalegea, hukagui mzigo.

Nilichofanya baadaye ndicho nilipaswa kufanya kabla ya kulipa. Nilipeleka sampuli na moja ya zile 20, umbo moja, kwa jamaa anayenunua tanzanaiti, tukaziweka kwenye mzani wake. Sampuli gramu 4.6, feki gramu 3.1. Kabaidi ni nzito karibu mara mbili ya chuma, na kwa kuwa mguu (sehemu inayoingia kwenye mikromota) ni chuma kwa zote, tofauti yote iko kichwani. Kama huna mzani, chukua tupa ya kunolea: kwenye kabaidi inateleza, kwenye feki inang'ata. Tazama pia shingoni, kabaidi huunganishwa kwenye mguu na kiungo huonekana. Zangu zilikuwa kipande kimoja. Rangi na pete msizitegemee, rangi hupakwa.

Pima unene wa mguu kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene). Unatakiwa uwe milimita 2.35. Zangu nyingine zilisoma 2.29, ndiyo maana zilikuwa zikicheza.

Diski sikuzifungua zote. Moja ilipasuka, kipande kikagonga miwani yangu. Diski ya milimita 22 kwenye mizunguko 30,000 kwa dakika, ukingo wake unapita kilomita 120 kwa saa. Hakuna basi la Dar linaloruhusiwa mwendo huo. Asiyevaa miwani kwa sababu ya joto, avae.

Namba yake haipatikani tena. Nimeripoti polisi na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Juzi mwenzangu wa Moshi kanipigia: kuna kijana kamwachia bari moja yenye pete ya buluu, kasema itumie siku mbili.