Mlango wa ndoo ya kijiko cha mvuke: kamba ya mkono au kifyatuo cha mashine?

Kwenye Mfereji wa Panama, 1904 hadi 1914, vijiko vya mvuke (mashine za kuchimba zenye injini ya mvuke) vya kampuni za Bucyrus na Marion vilikuwa na mtu kasimama kwenye mkono wa mashine anavuta kamba, komeo linachomoka, mlango wa chini wa ndoo unafunguka udongo wote unamwagika kwenye behewa. Hiyo ni bei rahisi kweli, kamba ikikatika unafunga nyingine kazi inaendelea, ila mkono wa mvutaji unachoka jamani, na komeo likiingia tope linagoma. Kifyatuo kinachovuta kwa nguvu ya injini hakichoki, opereta anakifyatua mwenyewe, lakini hapo una klachi na springi za kutunza. Kazi ndogo na vibarua wapo, kamba inatosha. Ukichimba mwamba zamu nzima, mimi ningefunga kifyatuo.