Kusema Wazi au Kudokeza

Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alitofautisha jamii ambazo ujumbe hubebwa zaidi na maneno yenyewe na zile ambazo sehemu kubwa ya ujumbe hukaa katika mazingira: uhusiano wa wazungumzaji, vyeo vyao, hata kimya chao. Ujerumani aliiweka upande wa kwanza, Japani upande wa pili.

Kusema wazi kunamfaa zaidi mgeni, kwa sababu asiyezijua desturi za wenyeji hawezi kusoma kisichotamkwa. Hata hivyo, ukosoaji unaotolewa mbele ya watu, ijapokuwa ni wa haki, unaweza kumvunjia mtu heshima na kuyakatiza mazungumzo.

Kudokeza huilinda heshima hiyo, wala si unafiki kama wengi wanavyodhani. Hatari hujitokeza pale “ndiyo” inapomaanisha “nimekusikia” tu, ilhali mwenzako ameipokea kama ridhaa. Katika matibabu au mkataba kosa hilo ni zito mno, maana ridhaa ya asiyeelewa si ridhaa. Hapo, kwa maoni yangu, uwazi hauna mbadala, na ni wajibu wa mwenye mamlaka zaidi kumwomba mwenzake aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa, badala ya kumuuliza tu kama ameelewa.

Katika kukataa mwaliko au kusahihisha kazi ya mwenzangu, ningeanza kwa kudokeza, tena faraghani, kisha niseme wazi iwapo dokezo halikumfikia.