Jino la kupandikiza: kliniki ya Upanga iliyoniambia "bado"

Nimestaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia, nikasema sasa lile pengo la gego la chini lizibwe kwa jino la kupandikiza, yaani jino bandia linaloshikwa na skrubu ndani ya mfupa wa taya. Kliniki iko Upanga, ghorofani, na lifti ilikuwa mbovu. Wenye magoti kama yangu wapige simu kwanza.

Daktari ni kijana mwenye adabu, na hakukimbilia mdomoni. Aliuliza kama navuta sigara, kama nasaga meno usingizini, kama nimewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, maana baadhi yake huweza kuzuia taya lisipone. Nilipotaja kisukari, akaandika kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, si cha kutoboa kidole. Kisha akawa anaingiza kijiti chenye alama za milimita kati ya jino na fizi, anataja namba, msaidizi anaandika: mbili, tatu, tatu. Kufika nyuma ikawa tano, sita, yaani fizi imeachia jino na kuacha mfuko mrefu. Sauti ya msaidizi tu ilinitosha.

Picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha mfupa kwa vipande, ndiyo iliyonifungua macho. Alinigeuzia skrini, taya langu limekatwa slesi kama mkate. Gego lilipong'olewa zamani, mfupa umesinyaa, na chini yake unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini. Skrubu ya titani ikiugusa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Gego la juu nalo, kwa kukosa mwenzake, limeshuka kuja pengoni. Hilo sikuwa nalijua kabisa!

Jibu likawa bado. Fizi zisafishwe na kutibiwa, sukari iliyosoma asilimia 9.1 kwenye kile kipimo cha miezi mitatu ishuke, ndipo tuongee, huenda na kuongezewa mfupa. Skrubu yenyewe husubiri miezi 3 hadi 6 ishikamane na mfupa kabla ya kuvishwa jino. Hela nilikuwa nayo mkobani na hakuigusa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kliniki.

Ila mapokezi! Bei ya CT hawakuitaja kwenye simu, mashine hawana, unatumwa jengo jingine ukalipe huko, ukirudi unaanza foleni upya. Nyota moja nimeikata kwa hilo.

Mkienda, bebeni dawa zenu zote na pakiti zake. Na kipimo kile cha sukari hakihitaji kufunga, kwa hiyo kunyweni chai kabisa.