Phos ya Socrates: bluzi iliyopanda milima ya Ugiriki

Ukiwa unatafuta roki ya Kigiriki yenye bouzouki (ala ya nyuzi ya Kigiriki) za kuchezesha watalii hotelini, hii ipite tu. Phos, albamu ya bendi ya Socrates iliyotoka mwaka 1976, haina mapambo ya namna hiyo. Ugiriki wake umo kwenye vidole vya mpiga gitaa, Yannis Spathas, na inabidi utege sikio.

Niliifikia kupitia Vangelis, na nadhani wengi huifikia kwa njia hiyohiyo. Ndiye yule aliyekuja kushinda Oscar kwa muziki wa filamu ya Chariots of Fire, na kabla ya hapo alikuwa na mwimbaji Demis Roussos katika bendi ya Aphrodite's Child. Kwenye Phos yeye ni mtayarishaji, na vinanda anapiga mwenyewe. Basi nikajiandaa kwa sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme, mwanzo mwisho. Nikakutana na bendi ya bluzi nzito, vijana wa Piraeus, mji wa bandari jirani na Athens, ambao mwanzoni walijiita Socrates Drank the Conium, kwa kumbukumbu ya mwanafalsafa na kikombe chake cha sumu. Jina wamelifupisha, moto wameuacha palepale.

Starvation, wimbo wa kufungulia, ulikuwemo tayari kwenye albamu yao ya kwanza ya 1972, ila hapa wameurekodi upya. Tafuta matoleo yote mawili uyasikilize kwa kufuatana. La zamani ni la jasho, kila chombo kinagombea mlango mmoja. La 1976 limepewa hewa, vyombo vinapishana, na ndipo utaelewa mtayarishaji alikuwa analipwa kwa kazi gani.

Sasa tuje kwenye Mountains, wimbo wa mwisho, ambao peke yake unatosha kukufanya ununue. Kaskazini-magharibi ya Ugiriki kuna eneo la milima linaloitwa Epirus. Muziki wa jadi wa huko unaongozwa na klarineti, na nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya ngazi ya noti tano. Zipo nyimbo za maombolezo ambamo sauti inateleza taratibu kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayelia bila kufungua kinywa. Bluzi ya Wamarekani Weusi nayo inaegemea noti tano, nayo inapenda kuteleza na kuvuta noti mpaka iume. Kwa hiyo Spathas hakulazimika kushona vitambaa viwili visivyofanana. Anaanza kifungu kwa lugha ya bluzi, anavuta uzi wa gitaa kidogo, na ghafla unasikia klarineti ya kijijini inapita kwenye amplifaya. Mpaka leo nikiusikiliza nashindwa kuonyesha ni wapi hasa anavuka mpaka. Wengi waliojaribu kuchanganya roki na muziki wa asili huweka kipande cha huku, kisha kipande cha kule, halafu wakaita mchanganyiko. Huyu hafanyi hivyo. (Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatutababaika na sauti inayozunguka noti kabla ya kutua. Huenda ndiyo sababu wimbo huu ulinikaa haraka kuliko nyingine.)

Every Dream Comes to an End hauna uimbaji, na hapo Vangelis anapewa uwanja wake. Ni mzuri, mpole, ila kwangu unasogea upande wa muziki wa filamu, na gitaa linakuwa mgeni nyumbani kwake. Queen of the Universe na Killer ni roki ya kukimbia, za kusikiliza ukiwa barabarani.

Lawama yangu kubwa ni mashairi. Antonis Tourkogiorgis, anayepiga besi na kuimba, ana sauti ya kutosha, lakini wanaimba Kiingereza na maneno mara nyingi ni mepesi kuliko muziki unaoyabeba. Kwa bendi iliyokuwa inalenga masikio ya nje naelewa kwa nini walichagua hivyo, ila natamani hata wimbo mmoja ungekuwa wa Kigiriki.

Kingine, usiihukumu kwa spika ya simu. Besi inapotea kabisa, na miteremko midogo ya gitaa niliyoieleza inageuka kelele. Tumia hedifoni za maana. Nakala yangu ya kwanza, niliyoipata kwa bei ya kutupa, ilikuwa na sauti iliyobanwa mpaka Mountains ikawa bapa, nikaigawa.

Nyota nne kati ya tano. Anayependa gitaa aichukue bila kusita. Anayemtaka Vangelis wa sinthesaiza aanzie kwingine. Na ikikukolea, rudi nyuma kwenye albamu yao ya On the Wings ya 1973: hakuna Vangelis, lakini Spathas yumo.